Chanjo ya Dada Yamhusu na Kaka

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa nyumba moja ya mkulima, iwe Rulenge wilayani Ngara au Nyakahura wilayani Biharamulo. Nyumbani humo wamo watoto wawili, dada wa miaka kumi na kaka wa miaka kumi na miwili, na wote husoma shule moja ya msingi. Siku moja wauguzi wanafika shuleni na kasha lao la chanjo lenye barafu. Dada anadungwa sindano moja ya mkono. Kaka anabaki darasani. Jioni habari inapofika nyumbani, baba anauliza maswali mawili ya haki kabisa. Ikiwa chanjo hii ni njema, mbona mwanangu wa kiume hakupewa? Na ikiwa wavulana hawaihitaji, kwa nini achomwe binti yangu peke yake?

Maswali hayo hayastahili kujibiwa kwa kemeo wala kwa kicheko. Yasipojibiwa na wanaojua, yatajibiwa na wasiojua. Na jibu la wasiojua limekwisha kusikika katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, kwamba wasichana huchomwa ili wasizae. Kwa hiyo leo tunakusudia kuyajibu maswali ya baba huyo hatua kwa hatua, tukizungumza na akina baba na akina mama kwa pamoja, kwani jambo lenyewe ni la nyumba nzima.

MARADHI YASIYOPIGA HODI

Chanjo inayozungumzwa hapa hukinga virusi vya papiloma, ambavyo kwa kifupi huitwa HPV. Virusi hivi vina aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa; nyingine huleta sundosundo za kawaida za mikononi na miguuni. Lakini ziko aina chache kali, na mbili kati ya hizo, zilizopewa namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takribani saratani saba katika kila kumi za mlango wa kizazi. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyeongoza kazi ya kuzigundua aina hizo mbili katika uvimbe wa saratani hiyo mwaka 1983 na 1984, na mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Bila ya kumjua adui kwa jina, chanjo isingaliweza kutengenezwa.

Virusi hivi huambukizwa kwa kugusana kwa ngozi, hasa katika tendo la ndoa. Si lazima mtu awe na mienendo mibaya ndipo avipate. Watu wengi mno, wake kwa waume, huvipata wakati fulani baada ya kuanza kujamiiana, hata mwenye mwenzi mmoja tu maisha yake yote, madhali mwenzi huyo aliwahi kuvipata kabla. Kwa walio wengi mwili huvishinda wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili, na mtu asijue kamwe kwamba alikuwa navyo. Kwa wachache hubakia. Hapo huanza kazi ya polepole ya kuharibu chembe za mwili, kazi inayochukua miaka 15 hadi 20 kabla saratani haijajitokeza. Kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu, kama vile mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata matibabu, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Wananchi wa Biharamulo hawahitaji kuelezwa kwamba virusi huua. Mwezi Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulizuka wilayani kwao, na hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi mwaka huo, watu 10 walikuwa wamepoteza maisha, ukihesabu waliothibitishwa na waliodhaniwa kuwa nao. Nchi nzima ilishtuka, na ilikuwa haki kushtuka. Sasa tafakari hesabu nyingine. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba zaidi ya wanawake 10,000 nchini huugua kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa. Gawanya idadi hiyo kwa siku za mwaka, utaona kwamba kila siku moja inayopita wanakufa akina mama zaidi ya 16. Hakuna anayepiga mbiu kwa sababu hawafi katika kijiji kimoja wala katika juma moja. Anakufa mmoja Murusagamba, mmoja Kalenge, mmoja Sengerema, na kila msiba unaliliwa peke yake. Marburg huua kwa siku chache, hata kila mtu akaona mkono wa muuaji. HPV huua baada ya miaka ishirini, na mkono wake umekwisha kusahauliwa.

Mgonjwa naye aghalabu hufika hospitali akiwa amechelewa. Damu isiyo ya mwezi huchukuliwa kuwa jambo la umri. Maumivu ya kiuno huchukuliwa kuwa uchovu wa jembe. Inapobainika kwamba yahitajiwa tiba ya mionzi, safari ni ya kwenda Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambako kutoka Ngara ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Ng'ombe huuzwa, watoto hubakia na bibi yao, na shamba la migomba hukosa mtu wa kulipalilia. Haya yote yanaweza kuzuiwa kwa sindano moja itolewayo bila malipo.

MWANAUME HAYUKO KANDO

Sasa turudi kwenye swali la kwanza la baba yetu. Je, mvulana hana haja ya kinga hii? La hasha. Mvulana ana haja nayo kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni nafsi yake mwenyewe. Virusi hivi hivi husababisha saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa, na ya koo nyuma ya ulimi. Aina nyingine za virusi hivi, namba 6 na 11, huleta masundosundo ya sehemu za siri, ambayo hayaui lakini humtesa na kumfedhehesha mtu, mwanaume kwa mwanamke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 virusi vya HPV vilisababisha saratani kwa wanawake wapatao 620,000 na wanaume wapatao 70,000 ulimwenguni. Kwa hesabu ya vidole, katika kila wagonjwa kumi, tisa ni wanawake na mmoja ni mwanaume. Huyo mmoja naye ni baba wa watu. Tena yuko katika hali ngumu kwa namna yake, kwa kuwa mwanamke anao uchunguzi wa kawaida wa kuona dalili za awali kabla saratani haijakomaa, ilhali mwanaume hana uchunguzi wa namna hiyo uliozoeleka. Yeye hugundua akiwa tayari anaumwa.

Sababu ya pili ni yule atakayemwoa. Mke hapati virusi hivi kutoka kisimani. Aghalabu huvipata kwa mume, naye mume alivipata kwa mwingine, hali hajui. Mnyororo huu una pete za kike na za kiume, na pete yoyote ikikatwa, mnyororo umekatika.

Huenda msomaji akaona ni jambo geni kumdunga mtoto wa kiume sindano kwa ajili ya maradhi yanayomwumiza zaidi mwanamke. Si geni hata kidogo. Mwezi Oktoba 2014 Tanzania ilianzisha chanjo ya pamoja ya surua na rubela, ikawachanja watoto wa kuanzia miezi 9 hadi chini ya miaka 15, wavulana kwa wasichana. Rubela kwa mtoto wa kiume ni homa ndogo na vipele vya siku chache. Madhara yake makubwa humpata mtoto aliye tumboni, endapo mama mjamzito ataambukizwa: huzaliwa kipofu, au kiziwi, au mwenye moyo mbovu. Hata hivyo wavulana wetu walinyosha mikono yao wakachanjwa, na hakuna mzazi aliyeuliza mvulana atapata wapi mimba. Tulifahamu kwamba kumkinga mama yahitaji kumkinga kila anayeweza kumwambukiza. Busara ile ya rubela ndiyo busara ya HPV.

KWA NINI BASI WASICHANA WALITANGULIA

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini kaka alibaki darasani? Jibu ni la uhaba, wala si la siri.

Mwezi Aprili 2018 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua chanjo hii kwa nchi nzima. Ilianza kwa wasichana wa miaka 14 peke yao, kila mmoja akipewa dozi mbili zilizoachana kwa miezi sita. Hata wasichana wadogo zaidi walingoja, kwa sababu viwanda vya ulimwengu havikuwa vikitoa chanjo ya kuwatosha wote waliokuwa wakiihitaji. Mwaka 2019 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliziomba nchi zote ziahirishe kwa muda kuwaingiza wavulana, ili chanjo iliyopo iwafikie kwanza wasichana wa nchi zenye maradhi mengi. Chakula kinapokuwa kidogo nyumbani, anayeanza kupewa ni yule ambaye njaa itamdhuru upesi zaidi. Hakuna anayesema kwamba wengine hawali.

Iko pia faida ambayo wengi hawaijui: msichana anapochanjwa, mvulana naye hupata kivuli cha mwavuli wake. Nchi ya Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007. Katika miaka michache tu masundosundo ya sehemu za siri yalipungua sana kwa wasichana, na yakapungua vilevile kwa wanaume vijana ambao hawakuwa wamechanjwa, kwa sababu wenzi wao hawakuwa na cha kuwaambukiza. Mahali ambapo takribani wasichana wote wamechanjwa, mwavuli huo ni mpana. Lakini Australia yenyewe haikuridhika na kivuli. Mwaka 2013 iliwaongeza wavulana katika mpango wake. Uingereza, iliyoanza na wasichana mwaka 2008, iliwaongeza wavulana mwaka 2019. Sababu ni kwamba mwavuli wenye matundu huvuja, na matundu hayakosekani.

Tazama matundu ya kwetu. Barabara ipitayo Nyakanazi hubeba malori ya kwenda Rwanda na Burundi usiku na mchana. Rusumo na Kabanga ni milango ya mipaka. Machimbo ya dhahabu ya Biharamulo huwavuta vijana kutoka kila upande. Na wafugaji huhama na mifugo yao kutafuta malisho. Katika nchi ya namna hii, haitoshi kusema kwamba shule yetu imemaliza. Binti anayechunga ng'ombe, anayeuza ndizi kando ya barabara, au aliyehamia juzi na shangazi yake, hayumo katika daftari la mwalimu. Kila binti wa aina hiyo anayesahauliwa ni tundu katika mwavuli, na wanaolowana ni wake kwa waume.

SINDANO MBILI ZILIPOKUWA MOJA

Habari njema kuliko zote katika jambo hili zimetoka jirani yetu, ng'ambo ya ziwa. Kuanzia mwaka 2017, jijini Mwanza, wasichana 930 wenye miaka 9 hadi 14 walishiriki katika utafiti uliofanywa na Watanzania kwa ushirikiano na wenzao wa nje. Waligawanywa katika makundi: wengine walipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili damu yao ilipimwa, na ikaonekana kwamba takribani wote waliopewa dozi moja tu walikuwa na askari wa kutosha mwilini dhidi ya aina ile mbaya zaidi, namba 16. Nchini Kenya nako, wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki katika utafiti mwingine, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizo mapya ya aina namba 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu wa uangalizi.

Kwa ushahidi wa namna hiyo, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja yaweza kutosha kwa watoto na vijana wenye afya. Tanzania nayo, mwezi Aprili 2024, iliachana na dozi mbili na kuanza kutoa moja, ikawalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapatao milioni 4.8. Wavulana hawakuwamo katika mpango huo. Walio na virusi vya UKIMWI wanashauriwa na Shirika hilo wapate dozi mbili kwa uchache, na tatu ikiwezekana. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa hali hiyo amweleze muuguzi faraghani.

Fikiri, ndugu msomaji, maana ya badiliko hilo. Chanjo iliyokuwa ikimkinga mtoto mmoja sasa yaweza kuwakinga wawili. Safari mbili za muuguzi katika milima ya Ngara zimekuwa safari moja. Mtoto wa pili anayeweza kukingwa kwa kile kilichookolewa, kwanza awe ni yule msichana aliyesahauliwa machungoni. Lakini akishafikiwa huyo, na wenzake wote, hakuna tena sababu ya haki ya kumwacha kaka. Hapo ndipo tunaposimama: mvulana asichukue sindano ya msichana, na msichana wa mwisho akishapata yake, mvulana asiachwe. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, liliwaweka wasichana wa miaka 9 hadi 14 mbele, likawataja wavulana kuwa wanaweza kufuata pale uwezo unaporuhusu.

MASHAKA NA UVUMI

Tulisema mwanzoni kwamba uvumi wa utasa hupata nguvu kwa kuwa wasichana huchanjwa peke yao. Nchi ya Kameruni ilipata somo hili kwa gharama. Ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 9 mwaka 2020, wazazi wengi wakakataa, na waliochanjwa wakawa wachache mno. Mwaka 2023 ilibadili mpango: dozi ikawa moja, nayo ikatolewa kwa wavulana na wasichana sawasawa. Pamoja na jitihada nyingine za kuwaelimisha wananchi, mabadiliko hayo yaliinua pia idadi ya wasichana waliochanjwa. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mzazi anapoona mwanawe wa kiume na wa kike wanapanga mstari mmoja, hofu ya njama dhidi ya uzazi wa binti hukosa pa kushika.

Sisi hatuna haja ya kungoja hofu itufikishe huko. Tuujibu uvumi kwa ukweli. Chanjo hii haina virusi hai ndani yake. Ina maganda tu yaliyotengenezwa kwa kufananisha ganda la nje la virusi. Mwili huyaona, hujifunza sura ya adui, na kuweka askari tayari. Ganda tupu haliwezi kuleta maradhi, kama vile ganda la yai haliwezi kutotoa kifaranga. Mwaka 2017 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani inayoangalia usalama wa chanjo ilipitia habari za dozi zaidi ya milioni 270 zilizokwisha kusambazwa ulimwenguni, wala haikuona kwamba chanjo hii huleta utasa. Yanayotokea mara kwa mara ni maumivu mahali palipochomwa, homa ndogo, au kichwa kuuma, na baadhi ya watoto huzimia kwa woga wa sindano. Ndiyo maana hutakiwa kukaa kitako kwa dakika 15 baada ya kuchomwa.

Wengine huuliza: mtoto wa miaka tisa ana habari gani na mambo ya watu wazima? Hana, na ndiyo maana wakati huo unafaa. Chanjo hii huzuia virusi visivyokwisha kuingia, haifukuzi vilivyomo. Ukuta hujengwa kabla ya mwizi kufika. Kumchanja binti hakumfungulii mlango wa zinaa, kama vile chanjo ya pepopunda isivyomfanya mtu atembee juu ya misumari.

Na kwa anayetaka kuona matokeo, yapo. Katika Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walipata saratani ya mlango wa kizazi pungufu kwa asilimia 87 kuliko wale wa rika zilizotangulia ambao hawakuchanjwa. Katika Uskoti, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 hayakuonyesha hata mgonjwa mmoja miongoni mwa waliochanjwa katika umri huo. Nasi wa Ngara tuna mfano wa karibu zaidi: ng'ambo ya Mto Kagera, nchi ya Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wa shule kwa taifa zima mwaka 2011, na katika mwaka huo wa kwanza zaidi ya wasichana 90 katika kila 100 waliolengwa walimaliza dozi zao tatu. Milima ile ni kama yetu na njia zake ni kama zetu. Kilichowezekana upande ule wa daraja la Rusumo kinawezekana upande huu.

YA KUFANYA TANGU SASA

Wewe baba, usimwachie mama peke yake jambo hili. Katika nyumba nyingi ruhusa ya mwisho hutoka kwako, na neno lako moja mezani hushinda mahubiri kumi ya muuguzi. Siku ya chanjo ikitangazwa, hakikisha binti yako wa miaka 9 hadi 14 amefika. Kama aliikosa shuleni, mpeleke zahanati ukaulize. Kadi yake itunzwe pamoja na hati nyingine muhimu za nyumba. Kama kuna mtoto wa ndugu anayeishi kwako na hasomi, yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi.

Wewe mama, kumbuka kwamba chanjo ya binti haikukingi wewe. Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 anapaswa kuchunguzwa mlango wa kizazi, na mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi, kwani hatari kwake ni takribani mara sita ya mwingine. Uchunguzi wa siki huchukua dakika chache: muuguzi hupaka siki nyepesi na kuangalia kama pana mahali panapogeuka rangi kuwa nyeupe. Palipoharibika kidogo huweza kutibiwa kabla ya kuwa saratani. Na usingoje uchunguzi ikiwa unatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au kati ya mwezi na mwezi, au baada ya kukoma hedhi, au ikiwa unatokwa na majimaji yenye harufu mbaya. Nenda hospitali juma hilo hilo.

Nanyi vijana wa kiume, msidhani kwamba kwa kuwa hamkuchanjwa hamna wajibu. Wenzetu wa Rakai nchini Uganda, mpakani na mkoa wetu, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambao ulionyesha kwamba tohara hupunguza virusi vikali vya HPV kwa mwanaume, ingawa haviondoi kabisa. Kagera ni miongoni mwa mikoa iliyopewa kipaumbele katika huduma ya tohara ya hiari. Atakaye aulize katika kituo cha afya. Mpira wa kiume nao hupunguza hatari, lakini haufuniki ngozi yote. Tumbaku huongeza hatari ya saratani hizi. Na kidonda kisichopona au kiotea cha ajabu sehemu za siri si jambo la kuficha na kulitibu kwa majani. Ni jambo la kumwonyesha mganga hospitalini.

Mwisho ni neno kwa viongozi wa vijiji na vitongoji. Wauguzi wanapokuja kuomba nafasi katika mkutano wa kijiji, wapeni nafasi ya mwanzo, wakati akina baba bado wapo, wala si ya mwisho wakati mkutano umekwisha kutawanyika. Mabalozi wa nyumba kumi waorodheshe mabinti wa umri huo walio nje ya shule, orodha hiyo ifike zahanati, na zahanati itoe hesabu ya waliochanjwa na waliobaki. Mnapoketi na wakubwa wa idara ya afya ya wilaya, ulizeni bila haya: lini zamu ya wavulana wetu? Swali hilo litakuwa na uzito mkononi mwa kijiji kinachoweza kuonyesha, kwa daftari, kwamba hakijamsahau msichana hata mmoja.